Kuchagua hamira ya mvinyo wa mabibo: joto kwanza, jina baadaye

Msimu wa mabibo, yale matunda ya mikorosho, ukianza, Septemba au Oktoba kutegemea mwaka, swali moja hurudi kwa kila anayetaka kutengeneza mvinyo wa nyumbani, awe Newala, Masasi au Mtwara mjini: nitumie hamira gani? Muulizaji mara nyingi ameshaperuzi mtandaoni na kukutana na msururu wa majina ya hamira yenye herufi na namba, EC-1118, K1-V1116, 71B, D-47, kila moja na mashabiki wake. Jirani mmoja anamwambia achukue ya shampeni kwa kuwa ndiyo bora. Mwingine anasema hamira ya maandazi inatosha. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni mzee aliyeanza kukamua mabibo kabla hatujazaliwa, anashangaa kwa nini mtu apoteze hela wakati uraka, ile pombe ya maji ya mabibo, huchacha wenyewe.

Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anajibu swali lake. Uraka ni kinywaji cha leo na kesho. Hamira ya maandazi inatoa kileo, lakini haikuchaguliwa kwa kinywaji cha kukaa chupani miezi sita. Na hamira ya shampeni ni hodari kwa kazi ambayo huenda wewe huihitaji. Kwa maoni yangu, mtu wa Mtwara au Lindi aanze na jambo ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani hulipitia haraka haraka: joto la chumba ambamo ndoo yake itakaa.

Kiumbe kimoja, tabia nyingi

Karibu hamira zote zinazouzwa kwa ajili ya mvinyo, pamoja na ile ya mkate, ni kiumbe kimoja: Saccharomyces cerevisiae. Kinakula sukari, kinatoa alkoholi, kabonidayoksaidi na joto. Tofauti ya pakiti moja na nyingine ni kama tofauti ya miche ya mikorosho inayotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele: yote ni mikorosho, lakini mmoja umechaguliwa kwa kuzaa sana na mwingine kwa kustahimili ugonjwa wa ubwiriunga. Hamira nazo zilichaguliwa hivyo hivyo. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen, alikuza hamira kutoka seli moja tu. Kuanzia hapo ikawezekana kuitenga aina moja, kuzisoma tabia zake na kuitumia tena na tena bila kuchanganyika na nyingine. Watu wa mvinyo wakaifuata njia hiyo. EC-1118 ilitengwa Champagne, K1-V1116 ilichaguliwa Montpellier, na 71B ikatokea Narbonne. Kote huko ni Ufaransa.

Mahali ilikotoka hamira si ladha itakayokuletea. Pakiti ikiandikwa shampeni haigeuzi maji ya mabibo kuwa shampeni. Inakwambia tu kwamba aina hiyo inavumilia baridi, kileo kingi na mgandamizo wa gesi, kwa sababu shampeni huchacha mara ya pili ikiwa ndani ya chupa iliyofungwa. Kati ya sifa hizo tatu, mtu wa Mikindani anahitaji labda moja.

Tuurudie uraka kidogo, maana ndiko wengi tunakotoka. Maji ya mabibo yanapokamuliwa tayari yamebeba hamira za porini kutoka kwenye ngozi ya tunda, mchanga, inzi na vyombo. Zinazoamka kwanza si Saccharomyces. Ni jamii za Hanseniaspora na Pichia, zenye haraka, zinazotoa harufu nzuri ya matunda zikiwa chache na harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha zikizidi. Nyingi kati yake hulegea kileo kikifika asilimia 4 hadi 6. Hapo ndipo Saccharomyces chache zilizokuwemo hupata nafasi, ikiwa zimo, na ikiwa bakteria wa siki hawajatangulia. Ndiyo maana uraka mpya una utamu na povu, na ukilala siku mbili tatu unakunjisha uso. Sina ugomvi nao, ni kinywaji kamili kwa kazi yake. Ila anayeujua uraka asidhani mvinyo ni uraka uliosubiriwa. Uraka ukisubiriwa unakuwa siki. (Kwa familia zisizokunywa kileo hiyo nayo ni biashara: siki ya mabibo ni siki nzuri, na kwa kazi hiyo usisumbuke kabisa na aina ya hamira.)

Joto la ndoo si joto la chumba

Mabibo hudondoka wakati jua linazidi kukaza. Kati ya Oktoba na Desemba, mchana wa pwani ya kusini hugusa nyuzi 30 na kupita, na usiku haupozi sana. Juu ya hapo hamira yenyewe inatoa joto. Ndoo ya lita 20 ikiwa imepamba moto, siku ya pili au ya tatu, huzidi joto la chumba kwa nyuzi kadhaa. Chumba kikiwa na 30, hamira yako inaogelea kwenye 33 au 34.

Sasa angalia viwango vinavyotolewa na watengenezaji. EC-1118 inafanya kazi kati ya nyuzi 10 na 30. 71B ni 15 hadi 30. K1-V1116 inakwenda mpaka 35. D-47, inayosifiwa sana kwa mvinyo mweupe na mvinyo wa asali, watu wa asali wanaijua vizuri: ikipita nyuzi 20 huanza kutoa alkoholi nzito zinazounguza koo na kuacha kichwa kinagonga asubuhi. Kwa chumba cha kawaida cha Lindi mjini, bila kiyoyozi, D-47 imeshatoka kwenye orodha kabla hatujazungumzia ladha. Bado kuna watu wanaiagiza kwa gharama kutoka Dar es Salaam kwa sababu mtu wa Canada aliisifu.

Joto likizidi uwezo wa hamira mambo matatu hutokea, mara nyingine yote pamoja. Harufu ya tunda inapeperuka na gesi inayotoka. Alkoholi nzito zinaongezeka. Na hamira inaweza kufa njiani, ikakuachia kinywaji chenye sukari nusu na kileo nusu ambacho bakteria watakimalizia. Hilo la mwisho ndilo baya, kwa sababu kuanzisha upya mvinyo uliokwama ni kazi ngumu kuliko kutengeneza mpya.

Unaweza kuchagua hamira inayovumilia joto, au ukalipunguza joto. Ndoo ikikaa ndani ya beseni pana la maji, ikafungwa gunia au kanga ya pamba iliyolowa, mahali penye upepo, itapoa kwa ule utaratibu unaopoza maji mtungini. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala kwa mfano, hilo pekee linaweza kutosha, kwani usiku huko una ubaridi. Pwani hewa ina unyevu mwingi, kitambaa hakikauki upesi, hivyo ongeza chupa za maji yaliyoganda ndani ya beseni, ukizibadilisha asubuhi na jioni. Siku nne tano za mwanzo ndizo za kulinda. Baadaye kasi hupungua na ndoo hujipoza yenyewe. Kwa kifupi, mwenye friji ya kugandishia chupa anaweza kuchagua 71B au EC-1118. Asiye nayo achukue K1-V1116 na aache kusoma mabishano ya mtandaoni.

Kileo kiasi gani, na sukari itoke wapi

Namba nyingine inayochanganya watu ni kiwango cha kileo ambacho hamira inavumilia. EC-1118 na K1-V1116 huandikwa asilimia 18, 71B na D-47 asilimia 14. Hamira ya mkate haina ahadi rasmi, lakini mara nyingi huanza kuchoka kati ya asilimia 8 na 12. Wengi husoma namba hizi wakidhani hamira ya 18 itawapa mvinyo wa asilimia 18. Hapana. Hamira haitengenezi kileo kwa namba ya pakiti, inatengeneza kwa sukari iliyoikuta. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia 1 ya kileo. Maji ya mabibo yana sukari ya gramu 100 hadi 120 kwa lita, basi yakiachwa bila kuongezwa kitu hutoa asilimia 6 au 7, hata ungeweka hamira ya aina gani.

Mvinyo wa kukaa unahitaji asilimia 11 au 12. Kwa 12 unataka gramu 204 kwa lita. Ukiwa na lita 20 za maji ya mabibo yenye gramu 110, upungufu ni gramu 94 kwa kila lita, yaani karibu kilo 2 za sukari kwa ndoo nzima. Haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari, itakuonyesha kati ya 1.080 na 1.090. Ukishapanga asilimia 12, tofauti ya hamira ya 14 na ya 18 imekwisha maana, zote zitafika. Ile ya mkate itafika ikisukumwa, ikiwa na ubaya wake mwingine: inatoa povu jingi, mashapo yake ni mepesi kama vumbi yanayotibuka kila ukimimina, na mvinyo unabaki na harufu ya unga kwa muda. Sisemi usiitumie. Kwa ndoo ya kwanza ya kujifunzia, inayopatikana dukani kwa bei ya maandazi, ni mwalimu wa kutosha.

Hamira yenye nguvu ya asilimia 18 ina hasara kwa wapenda utamu, na sisi wengi ni wapenda utamu. Angalia ni chupa ngapi za mvinyo wa Dodoma zinazouzwa zikiwa tamu. EC-1118 haiachi kitu. Itamaliza kilo 2 zako zote, na ukiongeza sukari baadaye ili kutia utamu, itaamka na kuimaliza hiyo pia, safari hii ndani ya chupa iliyofungwa. Chupa ya kioo ikipasuka kabatini inaweza kumtoa mtu jicho. Usitegemee kwamba hamira ya 14 itasimama yenyewe kwenye 14, kwani namba hiyo ni makadirio, na hamira yenye afya hupita. Mvinyo wa utamu uachwe umalize kuchacha, utulie mpaka uwe mwangavu, uhamishwe kutoka kwenye mashapo, ndipo uwekewe vihifadhi viwili, potasiamu sorbeti pamoja na kiasi kidogo cha potasiamu metabisulfiti kwa vipimo vya pakiti, halafu sukari. Sorbeti haiui hamira, inazuia isizaliane. Ikiwekwa kwenye mvinyo uliojaa hamira haisaidii. Asiyetaka kemikali hizo aongeze sukari kwenye glasi wakati wa kunywa.

Ukakasi si uchachu

71B inajulikana kwa tabia ya kula sehemu ya asidi ya maliki, kati ya asilimia 20 na 40, na kuacha mvinyo laini. Kwa kuwa maliki ni mojawapo ya asidi kuu za mabibo, mtu hujiambia basi hii ndiyo dawa ya ule mkwaruzo kooni. Hapa pana mambo mawili yaliyofungwa kwenye kamba moja. Uchachu unatokana na asidi. Ukakasi, ule unaokausha ulimi na kukwaruza koo, unatokana na tanini, na hakuna hamira iliyochaguliwa kuondoa tanini. Mabibo yaliyoiva hayana uchachu mwingi. Tatizo lake ni ukakasi.

Ukakasi unashughulikiwa kabla hamira haijaingia. Njia ya jikoni ni uji mwepesi sana wa wanga wa muhogo au maji mazito ya wali, yaliyopozwa, yakakorogwa ndani ya maji ya mabibo na kuachwa. Wanga hushikana na tanini na kuzama nayo chini kama utando, kisha maji ya juu yanachotwa taratibu. Jelatini hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na ikizidi huacha maji mepesi yasiyo na mwili. Fanya haraka na mahali pa ubaridi, kwa sababu mabibo hayangoji. Tunda lililodondoka jana tayari limeanza kuchacha chini ya mti.

Kwa hiyo nikichagua 71B kwa mabibo, siichagui kwa sababu ya asidi. Naichagua kwa harufu. Inatoa esta nyingi zenye kunukia matunda mabichi, na mvinyo wake unanyweka mapema, baada ya miezi miwili mitatu. K1-V1116 nayo hutunza harufu ya tunda vizuri. EC-1118 ni ya kimya zaidi, inafanya kazi safi na kuacha tunda liseme lenyewe, jambo linalofaa kwa choya au embe dodo lenye harufu yake tele. Ukitumia nanasi, ambalo asidi yake kubwa ni sitriki, au ukwaju wenye tatariki, ule ulafi wa 71B hauna kikubwa cha kula. Pakiti ile ile, tunda tofauti, faida imepotea.

Njaa, mbolea na yai viza

Ndoo ikianza kunuka yai viza, mara nyingi hamira ina njaa ya nitrojeni. Sukari ya dukani inaongeza kileo bila kuongeza chakula, kwa hiyo kadiri unavyotia sukari ndivyo njaa inavyozidi. Aina zinatofautiana: EC-1118 inaridhika na kidogo, K1-V1116 inahitaji zaidi, na njaa pamoja na joto ni mchanganyiko mbaya.

Miongozo ya nje itakwambia uongeze DAP, yaani daiamonia fosfeti, ili kuilisha hamira nitrojeni. Hapa lazima nipaze sauti, kwa sababu mkulima wa kusini akisikia DAP anafikiria mfuko wa mbolea ya kupandia. Jina ni moja, na kemikali kuu ni moja, lakini mbolea ya shambani haikusafishwa kwa ajili ya chakula na inaweza kubeba metali nzito kama kadimiamu. Usiiweke. Urea ndiyo usiiguse kabisa, kwani ndani ya kileo hutengeneza kemikali inayohofiwa kusababisha saratani. Mbadala upo jikoni: chukua kijiko cha chai cha hamira ya mkate kwa lita 20, ichemshe dakika kumi katika maji kidogo mpaka ife kabisa, ipoe, kisha imimine. Hamira iliyokufa ni chakula kizuri cha hamira hai. Zabibu kavu, zinazoshauriwa kila mahali, hazina nitrojeni ya kutosha kubadilisha lolote. Zinaleta ladha tu.

Kuhusu hamira "muuaji"

K1-V1116 na EC-1118 huitwa wauaji. Ni kweli hutoa sumu ndogo ya protini, isiyomdhuru mnywaji, inayoua hamira nyingine. Watu husikia hivyo wakaacha kuosha ndoo. Sumu hiyo inalenga hasa ndugu zake, Saccharomyces nyingine zisizo na kinga. Hanseniaspora wa ngozi ya bibo na bakteria wa siki hawaogopi. Muuaji anasaidia kuhakikisha aina uliyoinunua ndiyo itakayotawala, basi, na ni sababu ya kutochanganya pakiti mbili bila kujua nani atammaliza nani. Usafi unabaki palepale: vyombo vioshwe kwa maji ya moto, na maji ya mabibo ama yatiwe metabisulfiti saa 24 kabla ya hamira, ama yapashwe mpaka nyuzi 65 au 70 kwa muda mfupi na kupozwa upesi. Yakichemka kabisa yanapata ladha ya tunda lililopikwa.

Kupata pakiti na kuzitunza

Pakiti ya gramu 5 inatosha hadi lita 23. Nyingi zinafika huku kwa basi, na buti la basi la kutoka Dar es Salaam wakati wa mchana ni adui wa hamira. Omba ifungwe pamoja na chupa ya maji ya baridi, na ikifika iende kwenye friji. Kama una shaka nayo, tia chembe kidogo kwenye maji vuguvugu yenye sukari. Ndani ya nusu saa inapaswa kutoa povu. Isipotoa, usiipe ndoo yako.

Usiinyunyize kavu juu ya maji ya mabibo. Mimina kwenye mililita 50 za maji safi ya nyuzi 35 hadi 40, subiri dakika 15 hadi 20, koroga, kisha ongeza maji ya mabibo kijiko kwa kijiko ili joto lilingane kabla ya kuitia ndooni. Ikikaa zaidi ya nusu saa ndani ya maji matupu huanza kudhoofika.

Kama huwezi kuamua kati ya aina mbili, usiamue. Gawa maji hayo hayo kwenye madumu ya lita 5, kila dumu na hamira yake, mpira mwembamba wa kutolea gesi ukichovya kwenye glasi ya maji, yote chini ya kivuli kimoja. Weka na moja la hamira ya mkate. Onja baada ya miezi mitatu ukiwa na watu wasiojua dumu lipi ni lipi, maana anayejua bei ya pakiti huwa ameshaamua ipi ni tamu.

Na kwa kuwa pakiti ni adimu huku, mashapo yanaweza kutumika tena. Yachote dumu linapotulia, mwishoni mwa wiki ya kwanza au ya pili, kabla hamira haijakaa muda mrefu kwenye kileo kikali, uyaweke kwenye chupa safi ndani ya friji kifuniko kikiwa hakijakazwa, na uyatumie ndani ya wiki moja. Mabibo yanapoelekea kwisha embe zinakuwa zimeiva, kwa hiyo mashapo ya mabibo ya Desemba yanaweza kuanzisha mvinyo wa embe. Mara mbili tatu zinatosha. Kila mzunguko unabeba wageni wa porini wachache zaidi, na ukisikia ile harufu ya rangi ya kucha, mwaga uchukue pakiti mpya.